Uwanja Usiofungwa

Lois alikuwa ameufagia uwanja mwenyewe asubuhi ile, kwa hiyo alijua alivyouacha. Aliuacha na mistari ya ufagio, myembamba, imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Jua lilipofika utosini akatoka jikoni kumwaga jivu, ndipo akaona michirizi miwili imepita juu ya mistari yake.

Ilianzia kwenye pengo la ua na kuja moja kwa moja kuelekea mlangoni. Nyayo haziwi hivyo. Nyayo huonyesha kisigino na vidole, na kati ya moja na ya pili hubaki mchanga usioguswa. Hii ilikuwa michirizi mirefu isiyokatika popote, mmoja umetangulia kidogo na wa pili unafuata, kama ya mtu anayetembea bila kunyanyua miguu. Ilikoma mbele ya kizingiti, kiasi cha urefu wa fimbo. Mahali iliporudi hapakuonekana.

"Josephina," aliita. "Ulikuwa unacheza nje?"

"Hapana, mama. Nililala."

Mtoto alikuwa na alama za mkeka shavuni. Lois akaitazama ile michirizi mara moja tena, akaifagia, akarudi jikoni. Ming'oko, mizizi ya porini, ilikuwa motoni, na kuni zilikuwa chache.

Ila mwendo ule aliujua. Aliufundishwa.

Lois hakuwa mtu wa Newala. Alikulia misheni, bondeni Masasi, ambako wazazi wake waliletwa na mapadre baada ya kukombolewa utumwani. Vita ya maji ilipofika na misheni ikachomwa moto, alimbeba mtoto mgongoni akapanda uwandani Newala pamoja na wengine. Mumewe, Stefano, alishikwa na askari abebe mizigo ya jeshi. Baadaye mtu mmoja aliyerudi kutoka safari ile alisimama mlangoni akamwambia kwamba Stefano alifia njiani, kwa tumbo. Lois alimkaribisha uji. Hakulia siku ile, wala iliyofuata. Alikingoja kilio kama mtu anavyomngoja mgeni aliyesema atakuja, kisha akaacha kungoja, kwa sababu maji yalikuwa hayajachotwa.

Na maji ndiyo kazi ya Newala. Juu kule hakuna mto wala kisima. Mwanamke hushuka mteremko mzima mpaka chemchemi bondeni, akapanda tena na mtungi kichwani. Mwaka ule wa njaa, watu waliokuwa wamejificha vichakani tangu vita waliwavizia wanawake njiani, wakawanyang'anya kaniki, muhogo, hata maji yenyewe. Wajerumani walikuwa wamekwisha kukusanya bunduki, mikuki na pinde zote. Fimbo hawakuzigusa.

"Mjerumani haogopi fimbo," alisema jirani yake, Sijaona, Mmakonde mwenye ndonya kubwa mdomoni iliyotikisika akicheka. "Anajua ni yeye tu anayeitumia."

Ndipo akatokea Fakihi. Alikuwa mtu wa Lindi, alikuja na wachuuzi wa utomvu wa mpira akakwama, na kwao pwani alikuwa fundi wa kirumbizi, ule mchezo wa watu wawili kupigana kwa fimbo. Aliwaambia wanawake wa pale kwamba wakimpa chakula cha mchana atawafundisha kujilinda. Walicheka, kisha wakaja.

Fimbo zake zilikuwa za mwanzi uliopasuliwa vipande na kufungwa tena kwa ukanda wa ngozi. "Mwanzi uliopasuliwa unapiga kelele kuliko unavyouma," alisema. "Mkishajua, mtachukua fimbo ya kweli. Kwa sasa sitaki kuwazika."

Kupiga hakuwafundisha kwanza. Aliwafundisha salamu. Kabla ya somo watu wawili husimama wakitazamana, wanainama, na uwanja unakuwa umefunguliwa. Baada ya somo wanainama tena, wanarudi nyuma bila kugeuza mgongo, na uwanja unakuwa umefungwa. Kisha akawafundisha miguu: wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, na yote miwili isiondoke ardhini, iburuzwe. Halafu mikono.

"Mkono wa kushoto chini kabisa, ndio unaofanya kazi. Wa kulia unaongoza tu. Kamua, kama unakamua nguo. Mama Josephina! Mkono wako wa kulia una kiburi. Tazama unavyokwenda upande, unaua nzi?"

"Nimezoea kutwanga, fundi."

"Basi huo mchi uuache nyumbani."

Mapigo yalikuwa matatu: kifundo cha mkono, ubavu, kichwa. Na kila pigo lilitaka sauti. Hapo ndipo Lois alishindwa kabisa. Misheni walimfundisha kuimba, hawakumfundisha kupiga ukelele mbele ya mwanamume. Alitoa kisauti kama cha mtu aliyekanyagwa kanisani.

"Fimbo bila sauti ni mwiko wa ugali," alisema Fakihi. "Tena."

Alirudia. Alikuwa mwanafunzi mbaya, lakini alikuwa mtu wa kurudia kazi. Na katika muda ule wa somo, akiburuza miguu kwenye vumbi na kuhesabu pumzi zake, hakukumbuka chochote. Hilo lilimtosha.

Lililoleta taabu ni kichwa. Kujifunza pigo la kichwa lazima mmoja atoe chake kipigwe, na Fakihi alitaka kila mtu ajifunge kilemba kizito. Wengine walikuwa na magunia. Lois alikuwa na kaniki moja, nayo ilikuwa mwilini.

Siku moja alikuwa peke yake kichakani akichimba ming'oko, mbali na njia, akafika mahali palipokuwa na kibanda kilichoungua. Katikati ya majivu ya zamani palikuwa na kichwa cha mti. Kilichongwa chembamba, chepesi, kitupu ndani. Kilikuwa na nywele za mtu zilizogandishwa kwa nta, chale usoni, midomo iliyofunguka kidogo, na macho yaliyotobolewa kama nyufa. Alijua kwamba Wamakonde wana vinyago vyao na ngoma zao. Zaidi ya hapo hakujua, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mwanamke aliyezaliwa pale asingehitaji kuambiwa. Angetupa jembe akakimbia.

Lois alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kilikuwa kigumu. Akakijaribu kichwani. Kilimtosha.

Siku iliyofuata Sijaona alikuwa na homa, hakuja kwenye somo, wala Mmakonde mwingine; walikuwepo wale waliopanda na Lois kutoka misheni tu. Fakihi, mtu wa pwani, naye hakujua kitu. Alipomwona Lois alicheka mpaka akashika magoti.

"Mama Josephina umejitafutia kofia ya askari! Haya, simama. Salamu."

Lois akainama. Ndani ya kile kichwa palikuwa na giza na harufu ya nta, mafuta ya nyonyo na jasho lililokauka. Kupitia zile nyufa aliona miguu ya Fakihi tu. Na akasikia pumzi. Alizisikia zake, nzito, na kando yake nyingine, nyepesi zaidi, zilizochelewa kidogo, kama za mtu anayemfuata mwenzake katika sala asiyoijua. Alidhani ni mwangwi wa mti.

"Kichwa!" alisema Fakihi, akainamisha fimbo yake kumpa nafasi.

Lois alipiga. Lilikuwa pigo zuri la kwanza maishani mwake. Na hapo ndipo askari wakaingia. Akida wa Wajerumani alikuwa amepiga marufuku mikusanyiko, na mtu fulani alikuwa amemweleza kwamba kuna mgeni anayewafundisha watu vita. Wanawake wakatawanyika. Fakihi akafungwa kamba shingoni. Hakubishana, ila wakati wanamvuta aligeuka akapaza sauti.

"Funga uwanja, mama Josephina! Usiondoke hivyo! Funga uwanja!"

Lois alikuwa ameshavua kile kichwa na alikuwa anakimbia kumtafuta mwanawe. Alifikiri ni adabu tu, na ule haukuwa wakati wa adabu.

Fakihi alionekana mara ya mwisho kwenye mnyororo wa wafungwa walioshushwa Lindi. Kile kichwa cha mti Lois alikwenda nacho nyumbani, kwa sababu kitu kizima hakitupwi. Alikipindua akatia mbegu za kunde ndani, akakiweka darini juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiingie.

Sasa michirizi ile ilikuja kila adhuhuri. Alikuwa akiifagia, na kesho yake ilikuwepo. Mwanzoni ilikuwa inakwenda upande, ya mtu anayeyumba. Kisha ikanyooka. Lois aliona hivyo, na kilichomshangaza ni kwamba alifikiri kwanza, "Huyu anaendelea vizuri," na woga ukafuata baadaye, mdogo, kama mtoto aliyetumwa dukani na kuchelewa.

Halafu ikaja sauti. Newala ikifika saa ya jua kali watu wote huingia ndani, kuku hulala chini ya ghala, na nyenje pekee ndio wanaosikika. Siku hiyo nyenje wakanyamaza. Lois alikuwa ameketi na kinu miguuni. Nje akasikia shwaa. Kimya. Shwaa. Na harufu ikaingia mlangoni, harufu ya mabua mabichi ya mtama yaliyovunjwa sasa hivi. Mwaka ule hakuna mtu aliyepanda mtama. Mbegu zote zililiwa.

Alitoka. Hapakuwa na mtu. Uwanja ulikuwa na michirizi yake.

Kesho yake Josephina alimjia jikoni ameushika mkono.

"Mama, mtu kanipiga."

"Nani?"

"Sijamwona. Nilikuwa mlangoni nasuka ukindu. Kanipiga hapa."

Kwenye kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, uliovimba. Haukunyooka. Ulikwenda upande, kama wa mtu ambaye mkono wake wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto. Lois aliutazama kwa muda mrefu. Kosa lile lilikuwa lake.

Akaitazama mikono yake mwenyewe. Alijaribu kukumbuka alikuwa wapi adhuhuri ile, na alikumbuka vizuri: alikuwa hapo jikoni, akitwanga. Hata hivyo akauchukua mwanzi wake uliokuwa umeegemezwa ukutani akaufunga kwa kamba juu ya paa, mahali ambapo ingebidi apande kinu kuufikia.

Haukusaidia. Siku chache baadaye mtoto alipigwa ubavuni, palepale mlangoni. Mara hii mstari ulikuwa umenyooka. Josephina hakulia sana. Alikuwa mtoto wa vita.

"Anapiga kelele kidogo, mama," alisema. "Kabla ya kupiga. Kama anaona haya."

Kifundo, ubavu. Lois alikuwa amefundishwa mapigo matatu, na lililobaki alilijua. Akakiangalia kichwa cha mwanawe, kilichosukwa vinywele, kidogo, chenye mfupa mwembamba nyuma ya sikio.

Akaenda kumwita Sijaona. Sijaona alikuja amebeba ungo wa majani ya kunde, akisema tangu njiani kwamba watoto hujigonga, na watoto wa misheni hujigonga zaidi kwa kuwa wanakalishwa sana. Aliinama kupita mlango wa jiko, akainua macho darini. Ungo ukaanguka. Aligeuka akajifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mama Josephina. Umeweka nini juu hapo?"

"Mbegu za kunde."

"Mbegu." Ndonya yake ilikuwa inagonga meno. "Ndani ya hicho. Mbegu za kunde."

"Ni mti tu, dada. Nilikiokota porini. Nilikuwa nakivaa wakati wa..."

"Ulikivaa?" Sijaona alikuwa ameshafika uani, mgongo umeelekea nyumba. "Usiniambie. Nyamaza, usiniambie! Mimi sijaona kitu. Jina langu mwenyewe ni Sijaona, nakuapia sijaona. Twende kwa mjomba wangu. Twende sasa hivi, na mtoto tumchukue."

Mjomba wake, mzee Muharami, alikaa Makote. Alikuwa mganga, mtu wa mahoka na mizimu, mwenye kidonda mguuni kisichopona na hasira zisizopona pia. Walimkuta juu ya paa lake akiezeka nyasi, na hakushuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Semeni huko huko chini. Nikishuka, kupanda tena ni kesho."

Lois alimweleza yote kwa utaratibu, kama mtu anayetaja vitu alivyotumwa sokoni. Alipofika kwenye kile kichwa cha mti, mzee aliacha kufunga nyasi. Aliteremka, pamoja na kidonda chake. Akamfukuza Sijaona aende kando pamoja na mtoto, akamsogelea Lois, akanusa ugoro kwanza.

"Siwezi kukuambia hicho ni nini," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanamke haambiwi. Ni nani, hilo naweza."

"Basi niambie ni nani."

"Aliyekivaa mwisho ni kijana wa ukoo wetu. Ngoma aliijua, vita hakuijua. Walipokuja watu wa maji wakampa maji akanywa, wakampaka, wakamtia bua la mtama mkononi. Wakamwambia atangulie mbele, asikimbie, risasi zitakuwa matone. Hakuna aliyemfundisha kitu kingine. Akatangulia. Hawakumleta nyumbani kuzikwa." Akanusa ugoro tena. "Nawe umemvaa, umemwinamia, umemfungulia uwanja. Sasa anasoma."

"Mtoe. Nimesikia unatoa majini."

"Jini linaloingia mwilini kwa mtu nalitoa. Huyu hajaingia kwa mtu. Ni mwanafunzi. Nitamfukuzaje? Amekaribishwa."

"Atampiga mwanangu kichwani."

"Ndiyo."

Alilisema bila kulizungusha, na Lois alimshukuru kwa hilo.

"Hana ubaya," aliendelea mzee. "Huo ndio ugumu wake. Anatafuta mtu wa kumfanyia mazoezi, na anayekaa mlangoni ni mtoto. Kile kitu nitakuja kukichukua, nitakirudisha mahali pake. Lakini uwanja aliufungua mwingine, sio mimi. Somo limalizwe na uwanja ufungwe. Wapi fundi wenu?"

"Yuko kwenye mnyororo."

"Basi ni wewe."

"Mimi mwenyewe ndio kwanza najifunza, mzee. Hata sauti sina."

"Kwake wewe umetangulia." Aliangalia paa lake lililobaki nusu. "Mtu akiwa fundi, hapigi. Anapigwa. Si ndivyo alivyofanya huyo wenu?"

Ndivyo alivyofanya. Aliinamisha fimbo akatoa kichwa.

"Wake ulikuwa mwanzi uliopasuliwa," alisema Lois. "Huyu anapiga kwa nini?"

Mzee Muharami akachechemea kurudi kwenye nyasi zake.

Alikuja kesho yake asubuhi na gunia, akawatoa wote nje, akaingia jikoni peke yake. Alipotoka gunia lilikuwa limejaa na mbegu za kunde zilikuwa zimemwagwa kwenye ungo, safi, hazijapotea hata moja. Akaondoka bila kuaga.

Lois akaufagia uwanja. Akaushusha mwanzi kutoka paani. Sijaona alikuja kukaa na mtoto ndani, mlango umefungwa, na kupitia ukuta wa fito akamsikia akimnong'oneza Josephina habari ndefu za sungura asizozisikiliza mwenyewe.

"Mama Josephina," aliita Sijaona kupitia ukuta. "Ukianguka nifanye nini?"

"Maji yako kwenye mtungi mkubwa. Usimpe mtoto yaliyo kwenye kata, yana wadudu."

"Nakuuliza ukianguka!"

"Nimekujibu."

Jua likafika utosini. Nyenje wakanyamaza wote kwa pamoja kama waliozibwa midomo, na pale kwenye pengo la ua akausikia ule mburuzo, shwaa, kisha tena, shwaa, na mchanga alioufagia muda si mrefu ukaanza kufunguka mbele ya macho yake michirizi miwili ambayo hakuna mguu ulioichora, ikija bila haraka, kwa uangalifu wa mtu anayekumbuka kila alichoambiwa, na harufu ya mabua ya mtama ikaja nayo, na ndani ya harufu ile nta, na ndani ya nta jasho, jasho la kijana, la kawaida tu, kama la mtu yeyote aliyeshinda shambani, mpaka ikakoma mbele yake kwa urefu wa fimbo, na Lois akiwa na kichwa kitupu na jua juu yake akagundua kwamba hakuwa anatetemeka, alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto kuhakikisha ndio ulioshika chini.

Akainama. Mbele yake hewa ikashuka, ikapanda.

"Kifundo," alisema, akausogeza mwanzi pembeni.

Maumivu yalikuja kabla ya sauti. Yalikuwa ya fimbo ngumu, si ya bua. Mkono wake ulikufa ganzi mpaka kwenye kiwiko, na alipoutazama mstari ulikuwa umekwenda upande.

"Mkono wako wa kulia una kiburi," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tena."

Pigo la pili lilinyooka.

"Ubavu."

Likaingia chini ya mbavu. Pumzi ikamtoka yote, akasimama akiitafuta, na yule mwingine alingoja. Alisikia akingoja, pumzi zile nyepesi zilizochelewa kidogo.

Sasa ilibaki moja. Alifikiri juu ya Stefano aliyelala mahali fulani kando ya njia bila jiwe. Akafikiri kwamba leo hakuna aliyeshuka chemchemini. Kisha akainamisha mwanzi mpaka ncha ikagusa mchanga, akanyoosha shingo.

"Kichwa."

Kukatoka kisauti mbele yake, chembamba, kilichojaa haya, kama cha mtu aliyekanyagwa kanisani, na kitu kikamgusa utosini kidogo tu, kama kidole.

Angeweza kukubali. Angeweza kuinama palepale na kusema yamekwisha. Lakini alijua kazi iliyofanywa nusu huwa inarudiwa na nani.

"Fimbo bila sauti ni mwiko wa ugali," alisema. "Tena."

Ukelele uliotoka safari hii uliwafukuza kuku kutoka chini ya ghala, Sijaona ndani akalia "Mama wee!", na Lois akaisikia ndani ya meno yake, sauti ya kijana mmoja mzima aliyeambiwa asikimbie na hakukimbia, na pigo likashuka katikati ya utosi, limenyooka, safi, na dunia ikawa nyeupe, kisha nyeusi pembeni, na kitu cha moto kikamteremka puani, na miguu yake ikataka kukunjika lakini aliibana ardhini kama alivyofundishwa, wa kulia mbele, wa kushoto nyuma.

"Ndiyo hiyo," alisema.

Akainama, damu ikadondoka mchangani. "Uwanja umefungwa."

Michirizi ikarudi nyuma bila kugeuka, shwaa, shwaa, mpaka kwenye pengo la ua. Hapo ikakatika. Badala yake zikaanza nyayo, kisigino na vidole vitano, zenye nafasi kubwa katikati, za mtu anayekimbia kwenda kwao.

Sijaona alimfunga kichwa kwa kipande cha kaniki, akilia na kumtukana. Lois hakulia. Alisubiri kidogo aone kama kilio kitakuja sasa. Jioni akala, akalala.

Kesho yake alifagia uwanja, kwa mazoea. Michubuko ilimuuma. Jua likapanda. Alikuwa anageuza ming'oko kwenye chungu Josephina aliposimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Mama. Yule kaka amerudi."

"Yupi?"

"Yule mwenye haya." Mtoto alinusa hewa. "Amekuja na wenzake."

Lois akatoka. Kando ya pengo la ua palikuwa na jozi moja ya nyayo, visigino pamoja, kama za mtu aliyeleta wageni akasimama pembeni kuwapisha. Na kutoka kwenye kizingiti chake, kuvuka uwanja, kupita pengo la ua, kuvuka njia, mchanga wote ulikuwa umechorwa michirizi miwili miwili, mistari kwa mistari. Iliyoyumba ilikuwa mingi. Kila jozi ilikuwa imekoma nyuma ya mwenzake kwa urefu wa fimbo. Harufu ya mtama ilikuwa kama ya shamba zima siku ya mavuno.

Wote waliambiwa watangulie. Hakuna aliyewafundisha kitu kingine.

Akageuka akamwangalia mwanawe. Alama ya kifundo ilikuwa inaanza kupona, inageuka kuwa ya njano. Kichwa chake kilikuwa kizima.

"Ingia ndani," alisema. "Funga mlango. Usikae hapa mlangoni tena adhuhuri, umenisikia? Usikae kabisa."

"Ndiyo, mama."

Akakitegua chungu motoni, maana ming'oko ikiungua hakuna mingine. Akajifunga kaniki kiunoni. Akauchukua mwanzi, mkono wa kushoto chini, akasimama katikati ya uwanja wake.

"Mmoja mmoja," alisema. "Na mtoto wangu haguswi. Haya. Salamu kwanza."

Hapakuwa na upepo. Kule ng'ambo ya njia, shamba zima la mihogo likainama.